Uchambuzi: Herufi za Watangsa zapata namba

Mwezi Septemba, 2021, Muungano wa Unicode, unaosimamia kiwango cha kimataifa cha kutambulisha herufi kwenye kompyuta na simu, ulitoa toleo la 14.0 la kiwango hicho. Miongoni mwa maandishi yaliyoingizwa kwa mara ya kwanza ni ya Watangsa, jamii inayoishi kaskazini mashariki mwa India, hususan katika jimbo la Arunachal Pradesh, na ng'ambo ya mpaka nchini Myanmar. Mbunifu wake, Lakhum Mossang, aliyeyaanzisha mwaka 1990, alifariki dunia mwaka 2020, hivyo hakuishuhudia hatua hiyo.

Maandishi hayo yana herufi 79 na tarakimu 10. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea irabu tano, itashangaza kwamba herufi 48 kati ya hizo ni za irabu. Sababu ni kwamba Kitangsa ni lugha ya toni, na badala ya kuweka alama juu ya herufi, Mossang aliipa kila irabu herufi nne, kila moja ikibeba toni yake. Ikiandikwa herufi isiyo yake, neno laweza kugeuka kuwa neno jingine.

Ikumbukwe kuwa kompyuta haihifadhi umbo la herufi, bali namba yake. Herufi ya kwanza ya Kitangsa imepewa msimbo 16A70, sawa na 92,784 kwa hesabu ya kawaida. Lugha isiyo na namba hizo hulazimika kuchora herufi zake juu ya nafasi za herufi za Kilatini. Ujumbe ukifunguliwa kwenye kifaa kisicho na fonti hiyo, msomaji huona mchanganyiko wa herufi usiosomeka. Aidha, kwa kanuni za Unicode, herufi ikishapewa namba na jina, haiondolewi wala haibadilishwi.

Hata hivyo, namba pekee haiandiki barua. Simu isiyo na fonti ya Kitangsa huonesha visanduku vitupu, na bila kibodi hakuna pa kubonyeza. Zaidi ya hapo, Watangsa wana makundi mengi yenye usemi unaotofautiana sana, na baadhi yao wamekwishazoea herufi za Kilatini, ambazo kila simu inayouzwa tayari inazo.