Kihindi Hewani na Wivu wa Wapenzi wa Kiswahili

Asubuhi mtaani Karen, mpita njia husikia taifa zima likinong'ona. Kibandani mwa bawabu redio inasema Kikamba, jikoni, Kidholuo, garini mwa tajiri anayetoka langoni, Kiingereza, na katika duka mojawapo, nyimbo za sinema za Kihindi. Kiswahili chaanza pale wote hao wanapotaka kusemezana.

Wapo wapenzi wa Kiswahili wanaoudhishwa na hali hii na ambao wangependa vituo vya lugha za jamii vifungwe. Hoja hiyo si ngeni. Kameme FM ilipoanza kutangaza kwa Kikikuyu mwaka 2000, Rais Moi alitaka matangazo ya namna hiyo yazuiwe kwa ajili ya umoja wa taifa. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, Tume ya Jaji Waki ilivinyoshea kidole baadhi ya vituo hivyo. Hapana mwenye akili atakayepuuza hayo. Lakini uchochezi ni kosa katika lugha yoyote, na Sheria ya Utangamano ya 2008 ipo.

Wivu huo, kwa maoni yangu, ungefaa kuelekezwa kwingine. Wengi wetu hudhani kuwa Kihindi, kinachosikika katika vituo kama East FM, ndiyo lugha ya nyumbani ya Wakenya wenye asili ya Asia. Sivyo hata kidogo. Wengi wao mababu zao walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, na lugha walizorithi ni Kigujarati, Kikachi na Kipunjabi. Kwao Kihindi ni lugha ya makutano, kama kilivyo Kiswahili kwetu sisi sote. Na kiliwafikia vipi? Si kwa fimbo ya mwalimu wala kwa amri ya serikali ya Kenya. Kililetwa zaidi na sinema, nyimbo na redio.

Mkoloni, tukumbuke, aliyatenga mawimbi kama alivyotenga mashamba. Redio ilipoanza Nairobi mwaka 1928 ilikuwa ya Kiingereza, kwa walowezi. Baadaye Wahindi wakapewa matangazo ya Kihindustani, na Waafrika ya kwao. Karen ilikuwa ya Wazungu, Mhindi akikaa Parklands au Ngara. Leo ukuta huo umebomoka, na mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya hao kuwa kabila la 44.

Kiswahili kina kile ambacho Kihindi hakikupata hapa: Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. (Kifungu hicho hicho chaiagiza serikali kuzilinda lugha za jamii, wanaotaka zifungwe hawakisomi hadi mwisho.) Lakini sheria haimfanyi mtu aongeze sauti ya redio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliweza. Kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?", kilichoanza 1966, kilisikilizwa na makabila yote kwa sababu kilikuwa kitamu.

Kila mwaka wanafunzi wetu hutunga na kuigiza michezo na mashairi ya Kiswahili katika tamasha la kitaifa la drama. Ni mingapi kati ya hiyo humfikia yule bawabu wa Karen kibandani mwake?