Alama Hazina Kabila, Lakini Zina Mali

Katika sherehe ya kuwatunza wanafunzi bora iliyofanywa majuzi hapa Mombasa, mgeni wa heshima, baada ya kuwaweka watoto juani muda mrefu wakimngojea, alisimama akawaambia hadhirina kwamba nafasi za vyuo vikuu ni za waliozistahiki kwa alama zao, na kwamba kumfikiria mtoto kwa jimbo alikotoka ni kuwadhulumu waliojitahidi, kwani alama hazina kabila wala hazimjui mtu. Makofi yakavuma. Mimi sikupiga, kwa kuwa neno lile, ambalo limeenea Kenya nzima na kusadikiwa hata na wanaoumizwa nalo, ni neno batili.

Nimepata kuingia maabara ya skuli moja ya kutwa, bara ya Mto Tana. Mna meza, mfereji usiotoa maji, na kabati la chupa tupu. Maalimu wa kemia, ambaye ndiye wa baiolojia na wa hesabu, huuchora ubaoni kwa chaki ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, na wanafunzi wakaunakili daftarini. Siku ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ndipo wanapoushika kwa mara ya kwanza, mikono ikiwatetemeka wasiuvunje, ilhali mwenzao wa Alliance, skuli iliyoasisiwa tangu 1926, amekwisha kuuzoea. Kisha karatasi zao husahihishwa kwa kipimo kimoja, na tofauti itokayo hapo tukaambiwa kuwa ni tofauti ya akili!

Wala hali hii haikuzuka yenyewe. Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 ulikata shauri kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, na waliobaki wangoje. Wangali wakingoja. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa na magaidi huko Kamuthe, Garissa, walimu wasio wenyeji waliondolewa Garissa, Wajir na Mandera. Watoto wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu, na mtihani ukawa ule ule.

Na hiyo heshima ya alama ilikuwa wapi mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, wakaingia kwa fedha za wazazi wao watoto wenye alama pungufu kuliko maskini waliokataliwa mlangoni? Mimi sikusikia mtu akilia kwamba ustahiki umechafuliwa. Mwaka 2015 waliopata A katika KCSE walipita 2,600. Mwaka 2016, wizi wa mtihani ulipobanwa, wakawa 141. Je, watoto wa Kenya walipumbaa kwa mwaka mmoja? La, kilichofungwa ni soko la mitihani ya wizi.

Wapo wasemao kwamba, mtoto akifikiriwa kwa jimbo alikotoka, wagonjwa watafia mikononi mwa madaktari wa upendeleo. Maneno ya kitoto haya! Mtu hawi daktari kwa cheti cha kidato cha nne. Huwa daktari baada ya kusoma miaka sita na kufaulu mitihani ya chuo, ambayo haimsamehe mtu wa Hola kule Mto Tana wala wa Nairobi. Na wapo wasemao, hata mbele zetu bila ya kuona haya, kwamba mtoto wa Pwani ni mvivu. Huyo aamkaye alfajiri, akachota maji, akaenda skuli kwa miguu na kurudi jua likichwa, akapata B yake pasi na maabara wala vitabu, ana juhudi kumshinda aliyepata A kwa walimu wa kukodiwa likizo nzima, na nafasi ya chuo ni haki yake kabla ya huyo mwenye A.

Basi naitaka KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kabla ya kugawa nafasi za udaktari, uhandisi na sheria, iitazame alama ya kila mtoto pamoja na skuli alikoipatia, na kila kaunti iliyonyimwa walimu na maabara itengewe fungu lake kwa sheria, lisiwe hisani ya waziri. Na wabunge wa Pwani walitake jambo hili Bungeni mwaka huu huu.