Siasa Isiyosifu

Wako wasemao kuwa mwanamuziki na aimbe mapenzi, siasa awaachie wenyewe. La ajabu ni kuwa msimu wa uchaguzi ukifika, kauli hiyo hufichwa uvunguni. Diamond Platnumz, kijana aliyekulia Tandale, alipanda majukwaa ya kampeni ya CCM mwaka 2015, akayapanda tena 2020. Sikuwasikia wasemaji wetu wakimwambia arejee kwenye mapenzi. Siasa ya kusifu, kumbe, kwao haihesabiwi kuwa siasa.

Basi na tuitazame Tandale yenyewe. Agosti 2015, mwezi ule ule zilipofunguliwa kampeni, kipindupindu kilizuka Kinondoni, na Tandale ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoguswa. Watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, choo na kisima vikikaribiana, walikuwa na haki ya kuimbiwa habari zao. Simlaumu kijana kwa kula jasho lake. Kila fundi huuza kazi yake. Ninaowalaumu ni wale wanaoyaita mauzo hayo uzalendo, kisha malalamiko ya jirani yake wakayaita uchochezi.

Pale pale jirani, Sinza, kipo kituo cha daladala kiitwacho kwa Remmy. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba na Super Matimila juu ya mnyonge, kifo na ufukara. Nyimbo zake zilivuka bahari hadi Uingereza, ambako studio ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake mwaka 1989, nayo jina lake la Kiingereza lilitangaza wazi kuwa ni nyimbo za maskini. Nyumbani, alipoimba “Mambo kwa Soksi” kuwahimiza watu wajikinge na ukimwi, redio ya taifa ilikataa kuupiga. Alifariki Desemba 2010. Makondakta wanalitaja jina lake kutwa, na wengi wa abiria, nadhani, hawajui alisema nini.

Mtanijibu: hayo ya kale. Haya, njooni Manzese, inayopakana na Tandale. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo “Wapo”, na BASATA ikaupiga marufuku. Siku iliyofuata Waziri Mwakyembe akatangaza kuwa Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Tena akapendekeza waongezwe wahalifu wengine wa kutajwa humo. Watu walishangilia. Mimi sikuona cha kushangilia. Wimbo uliofungwa bila mahakama ulifunguliwa bila mahakama, na juu ya hayo mtunzi akapewa na beti za kuongeza! Aliyefunguliwa kwa hisani atafungwa tena hisani ikikoma.

Nasi wa visiwani tusijipige kifua. Tunajivunia Siti binti Saad, ambaye katika “Kijiti” aliiimba hadharani hukumu ya mahakama ya wakoloni, iliyowaadhibu wanawake waliotoa ushahidi ilhali muuaji amekwisha toroka. Tunamwita mama wa taarabu na tunafundisha watoto jina lake. Lakini leo tunalo baraza la sanaa ambalo neno “sensa” limo ndani ya jina lake rasmi. Napenda kuwauliza wakubwa wa baraza hilo: Siti angeuleta “Kijiti” mezani kwenu leo, mngeupitisha?