Sinema za Kweli na Heshima ya Nyumba

Juma hili tumepokea barua ya mwanafunzi mmoja wa Kabambare anayesoma Kasongo. Barua yenyewe ni fupi, lakini neno lililomo ni zito. Na kwa kuwa lawahusu wazazi na vijana wengi, tumeona vema kulijibu mbele ya wote. Jina lake twalificha, kama alivyotuomba.

Kijana huyu atueleza kwamba kaka yake, mwenye miaka 17, aliacha shule akashuka katika mashimo ya dhahabu. Tangu Pasaka hajarudi nyumbani. Mwanafunzi wetu ameona sinema fupi katika simu ya rafiki yake, na sasa ataka wakati wa likizo amfuate kaka yake, ampige picha, apate kuonyesha maisha ya machimboni jinsi yalivyo. Baba yake amekataa kabisa. Amemwambia: “Wataka kuwatembezea watu aibu ya nyumba yangu?” Basi kijana atuuliza: Je, ni dhambi kuonyesha kweli?

Kabla ya kujibu, tuanze mbali kidogo. Wazee wetu wangali wakumbuka sinema za misioni: shuka nyeupe iliyotandazwa ukutani, mashine iliyounguruma, watoto waliokaa chini mbele kabisa. Baada ya vita kuu ya pili, mapadri kadhaa walishika kazi hiyo kwa bidii. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, alikuwako Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut, aliyetengeneza sinema za Mboloko, yule swala mdogo mwenye hila. Huko Kasai, Padri Albert Van Haelst alitengeneza michezo ya Matamata na Pilipili, iliyochekesha watu hata machozi. Na huku kwetu mashariki, Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe alitengeneza sinema zake Bukavu. Twawashukuru kwa kazi yao. Lakini tuseme pia neno la haki: katika sinema zile, mwenye kutazama na kuchagua alikuwa mgeni, na Mwafrika aliambiwa simama hapa, cheka, lia, fanya hivi. Zilikuwa sinema za kufundisha watu, si za kuwasikiliza.

Siku hizi mambo yamegeuka. Watoto wa nchi hii wenyewe wameshika mashine. Nao hawatengenezi michezo tu. Wengine watengeneza sinema za mambo ya kweli, ambamo hakuna mchezaji, ila mtu mwenyewe na shida yake. Nyingi ni fupi, za dakika kumi, ishirini, au nusu saa. Sinema ya namna hii ni kama barua: yashika neno moja, yalisema, yanyamaza.

Tutoe mifano. Mwaka 2010 zilionyeshwa ng'ambo sinema nne fupi za vijana wa Kongo, zilizounganishwa pamoja kwa jina la “Congo en quatre actes”. Mojawapo, “Dames en attente”, ilitengenezwa na Dieudo Hamadi wa Kisangani pamoja na Divita Wa Lusala. Yaonyesha mama wa Kinshasa waliokwisha kujifungua salama, lakini hawaruhusiwi kutoka katika nyumba ya uzazi kwa kuwa hawajalipa deni. Mtoto amezaliwa, furaha imefika, na mlango umefungwa. Hakuna anayehubiri ndani ya sinema ile. Waona mama mmoja baada ya mwingine akijieleza mbele ya mwenye daftari, na moyo wako wafanya hesabu peke yake. Nani kati yetu asiyejua jambo hilo? Ni jamaa ngapi zimeuza mbuzi au baiskeli ili kumtoa mama na kichanga chake? Mwaka 2023 serikali ilianza mpango wa kuwazalisha mama bila malipo, ikaanzia Kinshasa. Hatusemi sinema moja ndiyo iliyoleta mpango huo. Twasema tu kwamba jambo lililokuwa likinong'onwa vitandani lilionekana mbele ya watu wengi, wala halikuweza tena kuitwa uvumi.

Sinema nyingine katika zile nne ni ya Kiripi Katembo. Yaonyesha watu wa Kipushi, huko Katanga, wanaoishi juu ya takataka za machimbo. Huyu Katembo miaka miwili kabla, mwaka 2008, alikuwa ametengeneza kasinema kadogo sana kiitwacho “Voiture en carton”. Aliiweka simu katika gari la mchezo lililotengenezwa kwa karatasi ngumu, mtoto akalivuta kwa kamba katika barabara za Kinshasa; na sisi twauona mji kama uonavyo mtoto, toka chini, kati ya miguu ya watu na magurudumu. Hakuwa na mashine ya fedha nyingi. Alikuwa na jicho, na wazo. Malaria ilimchukua mwaka 2015, angali kijana. Twawatajia wanafunzi habari hii ili wasiseme: “Sisi wa Maniema hatuna kitu.” Hamadi naye hakuishia pale. Mwaka 2014 alitoa sinema ndefu juu ya wanafunzi wa Kisangani, waliofukuzwa shuleni kwa ajili ya malipo, wakakusanyika katika nyumba moja ili wajitayarishe kwa mtihani wa Serikali. Ni mwanafunzi gani wa Kasongo asiyejiona humo?

Sasa tumrudie baba wa kijana wetu. Wengine watamcheka, watasema ni mtu wa zamani. Sisi hatumcheki. Heshima ya nyumba ni mali ya maskini. Tajiri akipoteza jina anunua jingine, lakini maskini akivuliwa jina amebaki na nini? Tena baba huyu ameona mengi. Tangu vita vya mwaka 1996, nchi yetu imepigwa picha na watu wa kila namna. Walikuja, walipiga picha za wakimbizi na wagonjwa, wakaenda zao, na aliyepigwa picha hakupata kujua uso wake umefika wapi. Hata leo, katika simu za vijana wetu hupita picha za maiti, za watu waliofungwa kamba, za mama waliotendewa jeuri. Kijana atazama, ampelekea mwenzake, kisha aendelea kula muhogo wake. Hiyo si kweli inayookoa. Ni kumvua mtu mara ya pili.

Walakini wahenga walisema: mficha uchi hazai. Nao walisema tena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nyumba inayoficha kila kidonda kwa ajili ya heshima, mwishowe yapoteza heshima pamoja na mtoto.

Basi, tufanyeje kati ya mambo haya mawili? Jibu tulitafute hapa kwetu, wala si mbali. Wasomaji wa Kasongo waijua Nyangwe, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanyabiashara wenye bunduki waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, walio wengi wakiwa wanawake. Wengi wakaanguka sokoni, wengine wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Alikuwako mzungu mmoja, David Livingstone. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hata wino wa kawaida hana. Akaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti la kale, kwa rangi aliyoitengeneza huko huko. Habari zake zilipofika Uingereza, ziliwatia watu uchungu, zikawa moja ya sababu zilizokaza mikono ya waliotaka kuikomesha biashara ya watumwa; na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tazameni nguvu ya shahidi mmoja!

Lakini habari haiishi hapo. Maandishi yale yalififia hata yasisomeke tena. Mwaka 2011 wataalamu waliyasoma kwa nuru za namna maalum, wakayalinganisha na kitabu kilichochapishwa baadaye. Wakaona kwamba maneno hayakuwa sawasawa mahali pote. Katika kuyanakili, Livingstone alikuwa amebadili mahali kadhaa, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Hata shahidi mwema hupendelea nyumba yake. Na neno la tatu: katika ushuhuda ule wote, wanawake wa Nyangwe hawakuulizwa kitu. Twajua hesabu yao. Majina yao yamekwenda na maji.

Hapo twapata mafundisho matatu kwa kila anayeshika simu au mashine ya sinema. La kwanza: kushuhudia ni kazi njema, na mara nyingine ni wajibu. La pili: usikate wala usipake rangi, hasa pale kweli inapokugusa wewe au watu wako, amri ya nane yahusu picha kama inavyohusu ulimi. La tatu: aliyeteseka si mzigo wa kupakia, ni mtu, ana jina, ana haya, ana haki ya kusema ndiyo au hapana. Mama aliyetendewa jeuri asionyeshwe uso wake, hata kama mwenye mashine asema ni kwa ajili ya kumsaidia. Mtoto asipigwe picha ya aibu ambayo atakutana nayo siku ya arusi yake. Na aliyekubali jana, akikataa leo, aheshimiwe.

Eklezya haikuikataa sinema. Mwaka 1936 Baba Mtakatifu Pio XI aliandika barua nzima juu yake. Mwaka 1957 Pio XII aliandika nyingine, juu ya sinema, redio na televisheni. Na tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya vyombo hivyo. Wote wawataka Wakristu wavitumie kwa akili, wasivutwe navyo kama ng'ombe wa kamba.

Sasa, kijana wetu, twakujibu. Kuonyesha kweli si dhambi. Lakini wewe una haraka ya kuonyesha, na bado hujaona. Nenda kwa kaka yako, ikiwa njia ni salama na wazazi wamekuruhusu. Nenda na mtu mzima, na mara ya kwanza uiache simu nyumbani. Keti naye. Mpelekee chakula alichopika mama. Muulize kwa nini aliondoka. Pengine atakuambia jambo ambalo halipendezi: kwamba siku ile alipofukuzwa shuleni kwa ajili ya malipo, hakuna aliyemfuata njiani. Pengine atakuonyesha deni alilo nalo kwa mwenye shimo. Ujue pia kwamba sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, iliyo ya kumlinda mtoto, yakataza kazi zinazomharibu mtoto. Na mwenye miaka 17 angali mtoto mbele ya sheria hiyo. Kaka yako si mkosaji wa kuwindwa kwa picha. Ni ndugu wa kurudishwa.

Akikubali baadaye kupigwa picha, fanya hivyo kwa utaratibu. Wapige picha wale tu waliokubali. Usimwambie mtu achimbe tena kwa sababu picha haikutoka vizuri. Usionyeshe mahali wala uso utakaomletea mtu hatari, kwani huko machimboni wako wenye bunduki wasiopenda kutazamwa. Na sinema itakapokuwa tayari, mtu wa kwanza kuiona awe kaka yako, wa pili awe baba yako, kabla haijaingia katika simu ya mtu mwingine yeyote. Wakisema hapana, ifute. Utapoteza sinema, hutapoteza nyumba.

Nawe mzee wetu, baba wa vijana hawa, tukuambie neno kwa heshima yote. Umeuliza kama mwanao ataka kuwatembezea watu aibu yako. Twakusihi uitazame tena barua yake. Kijana huyu hakuandika ili akucheke. Ameona kiti kitupu mezani tangu Pasaka, na hakuna anayekitaja. Simu ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumwita kaka yake kwa sauti. Kama wewe utakwenda kumwita, pengine sinema haitahitajika. Na kama mtakwenda wawili, itakuwa sinema nyingine kabisa.

Na sisi wengine, tunaokaa kutazama, tusijidanganye. Katika mfano wa Bwana wetu, kuhani alimwona yule mtu aliyeanguka njiani, na Mlawi alimwona. Wote wawili walikuwa watazamaji. Msamaria naye aliona, lakini yeye aliteremka. Basi kila mara mkitazama sinema ya shida ya mtu, nyumbani au shuleni, mkimaliza msiguse kwanza nyingine. Ulizaneni: Mtu huyu ni nani? Nani kati yetu yuko katika hali hii, hapa kijijini? Tutamfanyia nini juma hili? Sinema isiyozaa swali hilo imetupotezea mafuta ya taa.

Mwanafunzi wetu, likizo zikiisha, tuandikie. Hatuulizi habari za sinema. Tuambie kama kaka yako amerudi.