Vidole ni vya Nani?

Katika menyu za programu nyingi za kompyuta, mkabala na jina la amri huandikwa vibonye viwili au vitatu. Vikibonyezwa pamoja, kazi hutendeka pasipo kugusa kipanya. Mkato huu ni neema kwa mwenye haraka, na kwa mtu ambaye mkono wake hauwezi kuongoza kipanya ni msaada mkubwa. Je, ni haki mtengenezaji kuuchagua mkato, kisha kumkataza mtumiaji kuubadili?

Husemwa kwamba mikato iliyozoeleka ni lugha ya wote. Sivyo. Ctrl na S huhifadhi kazi kwa kuwa neno la Kiingereza la tendo hilo huanza na S. Mwanafunzi asomaye menyu ya Kiswahili huona “Hifadhi”, wala haoni S ndani yake. Katika Word ya Kihispania, kazi huhifadhiwa kwa Ctrl na G, kwa sababu Wahispania husema “guardar”. Ikiwa mkato uliweza kulifuata taifa, kwa nini usiweze kumfuata mtu?

Tazama tena Q na W, herufi jirani. Katika programu nyingi za Linux, Ctrl na W hufunga dirisha moja. Ctrl na Q hufunga programu nzima. Mwenye kidole kinachotetemeka ataadhibiwa kwa ujirani ambao hakuuchagua.

Wapinzani hudai kwamba uhuru huu utaleta fujo, hasa pale kompyuta moja itumiwapo na wengi. Hofu hiyo ina dawa. Kila mtumiaji aweza kupewa akaunti yake, na LibreOffice, ambayo huruhusu mikato ibadilishwe, ina kitufe cha kuirudisha ilivyokuwa. Apple nayo huwaruhusu watumiaji wa Mac kuziwekea amri za menyu vibonye wavitakavyo. Fujo iko wapi?

La kusikitisha ni kwamba haki hii imewahi kutolewa ikapokonywa. GTK 2 ya mwaka 2002, iliyotumiwa kuunda menyu za programu nyingi za Linux, iliwezesha mtu kuweka kielekezi juu ya amri, akabonyeza vibonye apendavyo, na mkato ukabadilika papo hapo. Katika GTK 4 ya mwaka 2020 njia hiyo haimo.

Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Mtengenezaji na apendekeze. Mwenye vidole aamue.