Mtindo wa Maisha au Mtindo wa Utawala?

Kila ifikapo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, Watanzania huhubiriwa. Kiongozi husimama jukwaani, nyuma yake bango, mbele yake wananchi waliopimwa sukari bure, akawaasa wabadili “mtindo wa maisha”: wapunguze sukari, chumvi na mafuta, wale mboga na matunda. Kitaalamu, mahubiri hayo ni ya kweli. Kisiasa, ni ukwepaji wa wajibu.

Neno “mtindo” lina hila ndani yake. Mtindo ni wa nguo na nywele. Mtu huuchagua leo na kuuacha kesho. Kuyaita kisukari na shinikizo la damu magonjwa ya mtindo wa maisha ni kumwambia mgonjwa, kwa lugha ya adabu, kwamba amejitakia. Na aliyejitakia hana wa kumdai.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulionesha kwamba takriban 26 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la damu, na 9 kati ya 100 walikuwa na kisukari. Haiwezekani robo ya watu wazima wa taifa zima wawe wamekaa, kila mmoja kwa wakati wake, wakachagua vibaya kwa pamoja. Jambo likiwapata watu wengi kiasi hicho, chanzo chake hakitafutwi katika tabia ya mmoja mmoja pekee.

Tuchukue ugali, chakula ambacho hakuna Mtanzania asiyekijua. Wataalamu wa lishe hutuhimiza tule dona badala ya sembe, na wana haki. Kukoboa mahindi ni kuondoa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo makapimlo, madini ya chuma na zinki, na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Pumba huenda kwa kuku na ng’ombe. Sisi hubaki na weupe. Lakini kwa nini sembe imetawala madukani? Si kwa sababu ya weupe tu. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo huufanya unga wa dona uchache upesi. Sembe hukaa muda mrefu, na mfanyabiashara hupenda bidhaa inayokaa.

Lipo na jambo zito zaidi. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota kuvu wanaozalisha sumukuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa katika ganda na kiini, yaani palepale penye virutubisho. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo, kumwambia mkulima ale dona bila kumwezesha kukausha na kuhifadhi mahindi yake ipasavyo, na bila kuwa na maabara ya kupima unga unaouzwa sokoni, ni kumpa ushauri nusu. Nusu iliyobaki haimo jikoni mwake. Imo katika bajeti ya serikali.

Tutazame pia Nyanda za Juu Kusini, ghala la taifa. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa wamedumaa zaidi ya nusu ya watoto. Njombe na Rukwa ni takriban nusu. Mikoa inayowalisha wengine ndiyo yenye watoto waliodumaa zaidi! Mahindi na viazi hupakiwa kwenye malori, mama hushinda shambani, mtoto huachiwa uji mtupu. Kilimo chetu hupimwa kwa tani za nafaka zilizovunwa. Hakipimwi kwa maharage, dagaa, mayai na mchicha vilivyofika kwenye sahani ya mtoto.

Sasa tujitazame sisi tunaolipwa kwa kodi za watu hao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35, sawa na vijiko 8 au 9 vya chai. Nenda kwenye semina yoyote ya umma, hata ile inayojadili magonjwa yasiyoambukiza, uone kilichopangwa mezani: soda, mandazi, sambusa, na chai iliyotiwa sukari tangu jikoni. Viburudisho hivyo havikuchaguliwa na mlaji. Viliagizwa kwa fomu, vikaidhinishwa kwa saini, vikalipwa kwa fedha ya umma. Je, huo nao ni mtindo wa maisha wa nani?

Nitaambiwa kwamba mtu mzima ana akili na mkono wake, na hakuna anayelazimishwa kunywa soda. Ni kweli, na mwenye uwezo wa kuchagua asijifiche nyuma ya sera. Mimi na wewe tunaoweza kununua papai tukanunua chipsi hatuna wa kumlaumu. Lakini Shirika hilohilo hushauri gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu mzima kila siku. Nyumba yenye watu wazima wanne inahitaji kilo 1.6, kila siku ya Mungu. Kibarua anayenunua unga wa siku moja kwa ujira wa siku moja hachagui kati ya chakula bora na chakula kibovu. Anachagua kati ya kushiba na kutoshiba.

Taifa hili liliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kampeni hizo zilikuwa na kasoro zake, lakini zilimchukulia mwananchi kama mtu wa kujadiliana naye na kutenda naye. Leo tumebakiwa na mabango.

Kwingine wametenda. Chile, tangu mwaka 2016, vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi mbele ya pakiti, na haviuzwi shuleni. Afrika Kusini ilianza mwaka 2018 kutoza kodi vinywaji kwa kadiri ya sukari iliyomo.

Sisi tuanze na kilicho mkononi mwetu. Ninyi watumishi wa umma, andikeni waraka unaoondoa soda katika vikao vya serikali. Hauhitaji mfadhili wala sheria mpya. Wanafunzi, daini kujua unga na mafuta gani hupikiwa mgahawa wa chuo chenu. Wanaharakati, ulizeni katika kila mjadala wa bajeti: fedha za maghala, za maabara za sumukuvu na za maofisa lishe wa halmashauri ziko wapi?

Majibu ya maswali hayo yakipatikana, serikali itakuwa na haki ya kumuuliza mwananchi amekula nini.