Simu iliyokunjwa kama kombe

Juma hili tuanzie soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, kwenye mikungu ya ndizi na marobota ya mitumba. Mama muuza ndizi huhitaji kujua jambo moja kabla dalali hajafika: leo Nairobi bei ni ngapi? Asipojua, dalali ndiye mpanga bei.

Simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa kwa umma, DynaTAC ya kampuni ya Motorola ya Marekani, ilitoka mwaka 1983. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 800; si kitu cha kufunga kwenye pindo la leso. Mwaka 1989 kampuni hiyo ikatoa MicroTAC, yenye kifuniko cha kufunika vitufe. Januari 1996 ikaja StarTAC, iliyojikunja katikati kama kombe, gramu 88 tu. Kukunja kuna faida gani? Simu ikifunguliwa hufika sikioni na kinywani; ikifungwa huingia mfukoni, na vitufe havijibonyezi ovyo.

Je, mama wetu aliipata? Thubutu! Simu za mkononi ziliingia Kenya mwaka 1992, chini ya Shirika la Posta na Simu, na moja iligharimu takriban shilingi 250,000. Tuseme mkungu uliuzwa shilingi 100: angehitaji mikungu 2,500! Simu ikabaki ya wakubwa, na dalali akaendelea kutamba.

Kilichofungua njia si bawaba ya simu, bali ushindani. Mwaka 2000 Safaricom, iliyoanza kama idara ya shirika hilo, ilizinduliwa upya kwa ubia na Vodafone ya Uingereza. Mwaka huo huo mpinzani wake, KenCell, naye akaingia uwanjani. Gharama zikashuka, na wachuuzi nao wakapata kupiga simu wakaulizia bei wenyewe. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na malipo ya ndizi yakawa yanapitia simu ile ile.

Kwa hivyo, mwanafunzi, ukisoma historia ya chombo chochote, usiishie kwa aliyekibuni na mwaka wake. Uliza pia: kiliuzwa pesa ngapi, na ni nani aliyeweza kukinunua? Na wewe mzazi, jioni ya leo waulize watoto swali hilo mezani. Jumapili njema.